Kano Natsuo: Mchonga Nakshi za Panga na Sarafu

Sisi tulio katika taaluma ya fasihi aghalabu huizungumzia sanaa kana kwamba maskani yake ni maneno tu. Si ajabu basi kwamba jina la Kano Natsuo ni geni masikioni mwa wengi wetu, ilhali nchini Japani fundi huyu huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa mwisho wa nakshi za panga. Makala haya yanadhamiria kuyafuatilia maisha yake, hasa miaka ile ambapo amri moja ya serikali iliikata riziki ya mafundi waliorithishana kazi kwa karne kadhaa.

Natsuo alizaliwa mjini Kyoto mwaka 1828 katika nyumba ya muuza mchele. Akiwa bado mtoto alichukuliwa kulelewa na Kano, mfanyabiashara wa panga, na huko ndiko alikolipatia jina la ukoo. Duka lilijaa panga zenye mapambo ya kila aina. Kijana akavutiwa na mapambo hayo kuliko makali yenyewe. Alisomea uchongaji kwa Ikeda Takatoshi, fundi wa mkondo wa Otsuki, na uchoraji kwa Nakajima Raisho, wa mkondo wa Maruyama-Shijo uliosisitiza kuvitazama viumbe hai kabla ya kuvichora. Kwa maoni yangu, elimu hiyo ya pili ndiyo iliyomtenga na wenzake.

Ili dai hili lieleweke, hatuna budi kuitazama kazi yenyewe. Pambo lake kuu lilikuwa *tsuba*, yaani bamba dogo linalokaa kati ya kipini na makali ili kuukinga mkono. (Sijapata neno moja la Kiswahili linalotosha, nami nimeona heri kulieleza kuliko kulibuni.) Juu ya bamba hilo, ambalo hutoshea kiganjani, Natsuo alichonga samaki, ndege na maua kwa mbinu iitwayo *katakiribori*. Tindo hushikwa kwa mshazari, hata mfereji ukawa na ukuta wima upande mmoja na mteremko upande wa pili. Mwanga unapoangukia hapo, mstari huonekana mnene kisha mwembamba mithili ya mkupuo wa brashi ya wino. Kosa halifutiki. Mchoraji anaweza kuchukua karatasi nyingine. Mchongaji aliyepitiliza ameiharibu kazi ya wiki nyingi.

Isitoshe, rangi zake hazikupakwa. Shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, pengine sehemu nne kwa mia, huitwa *shakudo*. Ile iliyochanganywa na fedha huitwa *shibuichi*, jina lenye maana ya robo moja. Metali hizi zikitoka mkononi mwa fundi hazina mvuto wa pekee. Husuguliwa kwa figili nyeupe iliyokunwa na kuchemshwa katika maji yenye chumvi za shaba. Hapo shakudo hugeuka nyeusi yenye mng'ao wa samawati, nayo shibuichi huwa ya kijivu. Kwa hivyo mchongaji hufanya kazi yote akiziona rangi hizo akilini tu.

Mwaka 1854 Natsuo alihamia Edo, mji ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Sifa zake zilienea, na mwaka 1869 serikali mpya ya Mfalme Meiji ikamwita kubuni sarafu. Awali ilikusudiwa kalibu zichongwe Uingereza. Hata hivyo, wataalamu wa kigeni walipoziona sampuli zake, hawakuona haja ya kuvuka bahari. Kiwanda cha sarafu cha Osaka kilifunguliwa mwaka 1871, na joka lililojikunja la Natsuo likaanza kupita mikononi mwa watu ambao hawakumjua. Kazi za heshima hazikukoma: mwaka 1873 alitengeneza mapambo ya Suiryuken, upanga wa kale ambao Mfalme aliutaka uvikwe upya.

Lakini mwezi Machi 1876 ilitolewa amri ya kuwakataza raia kuvaa panga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na maafisa waliovalia rasmi. Pasipo upanga, tsuba ni ya nini? Karakana nyingi zilikosa wateja, na mapambo ya kale yakauzwa kwa wageni hata yakajaa katika makumbusho ya Ulaya. Natsuo, aliyeacha kazi ya sarafu mwaka 1877, alikuwa anakaribia miaka hamsini. Mtu wa umri huo angeweza kusamehewa kwa kukata tamaa. Yeye aliihamishia tindo ileile kwenye vyombo vya maua na vifaa vya wavuta tumbaku, bila kuilegeza mbinu.

Mwaka 1890 aliteuliwa kuwa msanii wa Kasri ya Mfalme na profesa katika Shule ya Sanaa ya Tokyo, iliyokuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Elimu iliyokuwa ikirithishwa karakanani, mwalimu kwa mwanagenzi, ikaingia darasani. Unno Shomin, ambaye baadaye alipata umaarufu wake mwenyewe, alifundisha hapo pia.

Natsuo alifariki mwaka 1898. Mwaka huohuo, baada ya Japani kuhamia kwenye kipimo cha dhahabu, yeni ya fedha yenye joka iliondolewa kwenye matumizi nchini humo.