Nyaatha wa Gikondi: Mtawa aliyekufa akihudumia mgonjwa wa tauni

KATIKA vilima vya Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri, si mbali na soko la Gakindu, ipo parokia ya Gikondi ambayo mahujaji Wakatoliki huizuru kumkumbuka mwanamke aliyefariki huko mwaka 1930. Waumini humwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Jina lake la utawa lilikuwa Sista Irene Stefani. Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na Padre Giuseppe Allamano mjini Turin mwaka uliotangulia. Aliweka nadhiri Januari 1914, na kabla ya mwaka huo kwisha akafunga safari ya Kenya.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kazini. Waingereza walikuwa wamewakusanya Waafrika, wengi kwa nguvu, wawabebee mizigo wanajeshi. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoachia mitaa ya Kariakoo jina lake. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi, akiosha vidonda na kukesha na waliokuwa wakikata roho.

Baada ya vita, mwaka 1920 alipelekwa Gikondi. Alifundisha shuleni na kutembelea nyumba za wagonjwa, akipanda na kushuka vilima kwa miguu, viatu vizito miguuni. Wazazi ambao watoto wao walikuwa wameenda mijini kutafuta kazi walimwendea awaandikie barua. Katika enzi ambayo Mzungu alijulikana zaidi kwa kodi na amri, huyu aliingia nyumbani kwa watu kama jamaa.

Oktoba 1930 tauni ilizuka. Mwalimu mmoja alipougua, Sista Irene alimhudumia bila kujali hatari ya kuambukizwa. Naye akashikwa na ugonjwa huo, akafariki Oktoba 31, akiwa na umri wa miaka 39.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mnamo Januari 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, watu zaidi ya 200 walijificha katika kanisa la Nipepe bila maji. Walimwomba Sista Irene awaombee, na Kanisa Katoliki lilikubali kwamba maji machache ya ubatizo yaliyowatosheleza yalikuwa muujiza.

Mei 23, 2015, mbele ya makumi ya maelfu ya waumini mjini Nyeri, alitangazwa kuwa Mwenyeheri, hatua moja kabla ya utakatifu. Masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la Nyeri. Hata hivyo, mahujaji wangali wanapanda vilima vya Gikondi, njia zile zile alizozipita yeye akienda kwa wagonjwa.