Jim Thorpe: Medali zilizorejea mwenyewe akiwa kaburini

JIM Thorpe, Mmarekani wa jamii asilia ya Sac and Fox, alizaliwa katika eneo ambalo baadaye likawa jimbo la Oklahoma. Kwenye Olimpiki za 1912 jijini Stockholm, Uswidi, alinyakua dhahabu za pentathloni na dekathloni. Katika fani 10 za dekathloni alizoa pointi 8,412.

Januari 1913, gazeti moja la Marekani lilifichua kwamba aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli North Carolina mnamo 1909 na 1910. Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa pekee. Thorpe hakukana, alikiri kwa barua na kuomba radhi. Chama cha riadha nchini mwake, AAU, kilimvua hadhi ya ridhaa, nayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikamfutia ushindi na medali zikatwaliwa. Kanuni zilitaka malalamishi yawasilishwe katika muda wa siku 30 baada ya michezo. Ilikuwa imepita miezi kama sita! Waliopaswa kulinda kanuni ndio waliozikanyaga.

Avery Brundage, ambaye Thorpe alimbwaga Stockholm, aliiongoza IOC kuanzia 1952 hadi 1972, na mlango ukabaki umefungwa. Thorpe alifariki Machi 1953 akiwa fukara.

Mnamo 1982 IOC ilimrejeshea ushindi, ila nusunusu: alitajwa mshindi pamoja na waliomfuata. Wanawe walikabidhiwa medali mwaka uliofuata. Ni Julai 2022 tu alipotambuliwa kuwa mshindi pekee.