David Vetter

David Phillip Vetter (21 Septemba 1971 – 22 Februari 1984) alikuwa mtoto wa Houston, Texas, nchini Marekani, aliyejulikana duniani kama Mtoto wa Kiputo.

Alizaliwa na ugonjwa adimu wa kurithi unaouacha mwili bila kinga. Kaka yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na miezi saba, hivyo David aliwekwa mara moja ndani ya hema la plastiki lisilo na vijidudu. Wazazi walimshika kwa glavu zilizounganishwa na plastiki hiyo. Ilitarajiwa akae humo kwa muda mfupi tu, lakini uboho wa dada yake haukulingana na wake, na kipindi hicho kikawa miaka 12. Mwaka 1977 NASA ilimtengenezea vazi la kutokea nje. Alilitumia mara saba tu.

Mnamo Oktoba 1983, kwa mbinu mpya, alipandikizwa uboho huo wa dada yake. Ndani yake mlikuwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo hukaa kimya katika miili ya watu wengi maisha yote, na vipimo havikuvigundua. David hakuwa na kinga ya kuvizuia: seli B ziliongezeka ovyo hadi zikawa saratani. Tarehe 7 Februari 1984 alitolewa ili atibiwe, na mama yake akamgusa bila glavu kwa mara ya kwanza. Alifariki siku 15 baadaye.

Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe kutoka Uganda. Kifo cha David kilitia nguvu hoja kwamba vinaweza kusababisha saratani. Jeni yenye kasoro inayosababisha ugonjwa wake ilitambuliwa mwaka 1993.