Galileo na Ubao wa Mteremko

Galileo Galilei alizaliwa tarehe 15 Februari, 1564, katika mji wa Pisa, nchini Italia. Baba yake alikuwa mwanamuziki. Mwaka 1581 Galileo aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu, lakini hesabu zilimvutia zaidi. Aliondoka chuoni mwaka 1585 bila kupata shahada. Hata hivyo, mwaka 1589 alirudi katika chuo hicho hicho, safari hii akiwa mwalimu wa hesabu. Kuanzia mwaka 1592 alifundisha katika mji wa Padua.

Siku zile wasomi wengi walifuata mafundisho ya Aristotle, mtaalamu wa Ugiriki ya kale. Waliamini kuwa kitu kizito huanguka upesi zaidi kuliko kitu chepesi, kwa kadiri ya uzito wake. Galileo alitia shaka. Aliona kuwa jambo kama hilo haliamuliwi kwa maneno matupu, bali kwa kupima. Lakini angepimaje? Jiwe huanguka upesi mno, na wakati ule hapakuwa na saa iwezayo kupima sehemu ndogo za sekunde.

Galileo akabuni njia rahisi. Alichukua ubao mrefu wa karibu mita 7, akachonga mfereji ulionyooka, akaulainisha na kuutandika ngozi nyororo. Kisha aliinua ncha moja ya ubao na kuviringisha gololi ya shaba nyeusi mferejini. Kwa kuwa mteremko ulikuwa mdogo, gololi ilishuka polepole, nayo iliweza kupimwa.

Badala ya saa, alitumia chombo kikubwa cha maji chenye bomba jembamba. Gololi ilipoachiwa, maji yalianza kutiririka na kukingwa katika bilauri. Gololi ilipofika mwisho, maji yalizuiwa, kisha yakapimwa kwa mizani. Maji yakiwa mengi, muda ulikuwa mrefu. Yakiwa machache, muda ulikuwa mfupi.

Galileo alirudia jaribio hilo mara nyingi sana. Aligundua kuwa muda ukiwa mara 2, gololi husafiri umbali mara 4. Muda ukiwa mara 3, umbali huwa mara 9. Yaani, kasi ya gololi huongezeka kwa usawa wakati wote inaposhuka. Alieleza kuwa hata vitu vinavyoanguka huongeza kasi namna hiyo, vizito kwa vyepesi, isipokuwa hewa ikivizuia.

Mwaka 1633, mahakama ya Kanisa mjini Roma ilimhukumu Galileo kwa kutetea fikira kwamba dunia hulizunguka jua. Alilazimishwa kukana fikira hiyo, kisha akazuiliwa nyumbani kwake maisha yake yote yaliyobaki. Alikuwa mzee wa miaka 69. Hata hivyo, hakuacha kazi. Akiwa kifungoni, aliandika kitabu kuhusu mwendo wa vitu. Kitabu hicho kilipigwa chapa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Wakati huo Galileo alikuwa amekwisha kuwa kipofu. Alifariki tarehe 8 Januari, 1642.

Jaribio

Tafuteni ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2, tofali moja, kopo na kigari kidogo cha kuchezea.

1. Wekeni ncha moja ya ubao juu ya tofali.
2. Pigeni mstari wa chaki sentimita 50 kutoka mahali pa kuanzia.
3. Toboeni tundu dogo chini ya kopo, mlizibe kwa kidole, kisha mjaze maji.
4. Achieni kigari bila kukisukuma, na papo hapo fungueni tundu. Kigari kikifika mwisho wa ubao, zibeni tundu. Pimeni maji mliyokinga.
5. Jazeni kopo tena. Rudieni, lakini zibeni tundu kigari kifikapo kwenye mstari.

Umbali wa kwanza ni mara 4 ya umbali wa pili. Je, maji nayo ni mara 4, au ni karibu mara 2? Rudieni mara tano kabla ya kujibu.