Lilias Armstrong

Lilias Eveline Armstrong (Pendlebury, Uingereza, 29 Septemba 1882 – London, 9 Desemba 1937) alikuwa mtaalamu wa fonetiki aliyechunguza kiimbo cha Kiingereza na sauti za lugha mbalimbali, zikiwemo Kisomali na Kikuyu.

Alisoma Kifaransa na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Leeds, akahitimu mwaka 1906, kisha akafundisha shule. Mwaka 1918 aliajiriwa na University College London, katika idara ya Daniel Jones.

Mwaka 1926 yeye na Ida Ward walitoa kitabu cha kiimbo cha Kiingereza kwa ajili ya wageni. Mgeni anaweza kupanga maneno bila kosa lolote, na bado akaonekana hana adabu. Ombi likiishia kwa sauti ya kushuka huweza kusikika kama amri. "Thank you" ikianza juu na kushuka ni shukrani ya dhati. Ikipanda ni ya mazoea tu, kama ya mtu aliyepokea chenji. Waandishi hao walieleza viimbo vyote kwa ruwaza kuu mbili, ya kushuka na ya kupanda. Wataalamu wa baadaye waliona wamerahisisha mno, lakini kitabu kilitumika kwa miongo kadhaa.

Kiswahili nacho kina kiimbo: mtu wa Raskazone, Tanga, hutofautisha "umekula" na "umekula?" kwa sauti tu. Ila Kikuyu, sawa na Kisambaa cha milima ya Usambara, kina pia toni, yaani kiwango cha sauti huweza kubadili maana ya neno lenyewe. Huko ndiko Armstrong alikoelekeza nguvu zake za mwisho, baada ya kuchapisha uchunguzi wa Kisomali mwaka 1934. Kati ya Wakikuyu waliomsaidia alikuwemo Jomo Kenyatta, baadaye rais wa kwanza wa Kenya, aliyelipwa na chuo hicho kwa kazi hiyo kati ya 1935 na 1937, huku akisoma anthropolojia kwa Bronisław Malinowski.

Armstrong alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 55, kitabu chake cha Kikuyu kikiwa bado hakijachapishwa. Beatrice Honikman alikamilisha sehemu iliyobaki kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, kikatoka mwaka 1940. Maandishi ya kawaida ya Kikuyu hayaonyeshi toni hadi leo.