Amy Johnson na Masafa ya London hadi Darwin

Masafa huonekana mafupi kwa mtu aliyeketi mbele ya ramani. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka London hadi Darwin, kaskazini mwa Australia, utapata karibu kilomita 14,000. Amy Johnson alizipima kwa namna nyingine, na maisha yake yafaa kukumbukwa na kila mzazi aaminiye kwamba mitambo si kazi ya binti.

Alizaliwa mwaka wa 1903 mjini Hull, Uingereza, babake akiwa mfanyabiashara wa samaki. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akafanya kazi katika ofisi ya wakili jijini London. Huko ndiko alikojifunza urubani. Hakutosheka na usukani. Aliingia karakanani, mikono ikajaa grisi, akajifunza kufungua injini na kuiunga tena. Mwaka wa 1929 alipata leseni ya ufundi wa ndege, mwanamke wa kwanza nchini humo kuipata.

Tarehe 5 Mei 1930 aliondoka Croydon, London, peke yake, katika ndege ndogo ya injini moja isiyokuwa na redio. Kwa kuwa mafuta hayakuweza kumfikisha mbali kwa mkupuo mmoja, ilimlazimu kutua mji baada ya mji: Vienna, Baghdad, Karachi, Calcutta, Singapore. Kwa mzunguko huo, safari yake ilifikia karibu kilomita 18,000. Dhoruba ya mchanga ilimshusha jangwani kabla hajafika Baghdad. Karibu na Rangoon ndege ilitumbukia mtaroni, bawa likaharibika na rafadha ikavunjika. Watu wa chuo cha ufundi kilichokuwa papo hapo walimsaidia kuitengeneza, naye akaendelea na safari. Tarehe 24 Mei alitua Darwin, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia.

Ole wake, masafa mafupi ndiyo yaliyommaliza. Tarehe 5 Januari 1941, wakati wa vita, alikuwa akipeleka ndege ya kijeshi kutoka Blackpool hadi karibu na Oxford, safari iliyo ndani ya Uingereza yenyewe. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Alipotea njia, akaangukia kwenye mlango wa mto Thames, na maiti yake haikupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Mwaka wa 2018 zilianza safari za ndege za abiria kutoka Perth, Australia, hadi London bila kutua, kwa muda wa saa 17 hivi. Wengi husifu ushujaa wa waliotangulia, wakasahau kwamba ushujaa bila ujuzi wa injini usingalimvusha Amy hata nusu ya njia. Basi binti akiuliza mtambo unafanyaje kazi, asifukuzwe karakanani. Apewe spana, na afundishwe.