Jembe la Mgeni

Maji yanayopiga ufukwe wa Kibirizi ndiyo yapigayo, mbali kusini, ufukwe wa Karema. Huko alifariki mwaka 1956 Adrien Atiman, katekista na mganga, ambaye maisha yake twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866, upande wa Timbuktu. Angali mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Hawakuridhika kumlisha na kumlaza tu, bali walimsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza uganga. Alipofika Karema mwaka 1889 alikuwa na kazi mikononi mwake.

Misioni ile iliwapokea wengi waliokombolewa utumwani kama yeye. Atiman aliwatibu hao pamoja na wenyeji kwa miaka 67. Alimwoa Agnes Wansabira, na mwana wao Yosefu akawa padre. Hivyo mtoto aliyenyang’anywa kwao akapata kwake.

Wahenga walituusia tumpe mgeni jembe siku ya tatu. Wengi hudhani ni kumfukuza; sisi twaona ni kumheshimu. Basi, ndugu wapendwa, akitufikia mtu asiye na makao, chakula na mkeka viwe mwanzo tu. Tumtafutie pia wavu, shamba au ufundi, hata aweze kulipa kodi ya chumba chake mwenyewe na kuitwa jirani.